Luka Anaanza na Mengineyo

Semina ya viongozi wa kanisa, iwe imefanyika Itaka, Vwawa au Tunduma, ina umbo ambalo aliyewahi kuketi kwenye mabenchi yake anaweza kulichora amefumba macho. Karatasi kubwa imebandikwa ukutani, na juu yake kuna kichwa kwa herufi kubwa: utaratibu na uongozi katika huduma. Chini ya kichwa kuna andiko kuu, na mara nyingi andiko hilo ni 1 Wakorintho 14:40. Kisha hufuata maana ya kiongozi, aina za viongozi, sifa za kiongozi, wajibu wa kiongozi, faida za utaratibu, hasara za kukosa utaratibu, na hitimisho. Maswali huja mwisho kama muda unaruhusu. Muda huwa hauruhusu, kwa sababu wali umeshaiva na mwalimu ana safari ya kurudi Mbeya kabla ya giza.

Washiriki huandika kila kitu. Kuna daftari moja la mzee wa kanisa lililonivutia: kurasa za mbele zina sifa za askofu zilizopangwa kwa namba, kurasa za nyuma zina kilo za kahawa zilizopelekwa chama cha wakulima, AMCOS, zote kwa mwandiko mmoja na kwa mistari iliyopigwa kwa rula ile ile. Sicheki. Mtu anayetakiwa kuendesha kikao Jumamosi ijayo anahitaji kitu cha kushika, na orodha inashikika. Wazee wengi wa ushirika wa Mbozi hawakupita chuo chochote cha theolojia, na orodha hiyo ndiyo chuo chao.

Lakini umbo lina tabia zake. Mwalimu akifika kwenye andiko kuu hulisoma mpaka karibu na mwisho, anakatisha, na washiriki wanamalizia neno la mwisho kwa sauti moja. Ni mbinu nzuri ya kufundishia, inaamsha waliosinzia. Hata hivyo inafanya jambo jingine kimyakimya: inaigeuza sentensi kuwa kiitikio, na kiitikio hakiulizwi kimetoka wapi. Hakuna anayefungua aya ya 26 kuona Paulo alikuwa anajibu nini.

Maandiko yenyewe ambayo semina hizi huyategemea, yaani Kutoka 18, Matendo 6, na 1 Wakorintho 14, hayakuandikwa kwa umbo la karatasi ya ukutani. Katika yote matatu shida inatangulia. Kuna watu wamesimama kutwa, kuna wajane wamerukwa kwenye mgao, kuna ibada ambayo kila mmoja anasema na hakuna anayesikia. Utaratibu unakuja baadaye, na unakuja ukiwa jibu. Ukiukata kutoka kwenye lalamiko lililouzaa, maneno yanabaki yale yale ila kazi yake inabadilika: kilichokuwa jibu kwa walioumizwa kinakuwa amri kwa wanaotaka kusema.

Tazama muhtasari wa kikao chochote cha kanisa. Kufungua kwa sala, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mhazini, ajenda zilizoletwa, mengineyo, kufunga. Malalamiko ya washiriki hukaa kwenye mengineyo. Mwenye neno lake husubiri tangu asubuhi, na akifikiwa, mwenyekiti anatazama saa na kumwomba afupishe. Muhtasari utasema tu kwamba mjumbe mmoja alitoa maoni na kikao kiliyapokea. Luka, mwandishi wa Matendo ya Mitume, anaifungua sura yake ya sita kwa mengineyo.

Nianze na Kutoka 18, kwa kuwa ndiyo inayosomwa vibaya kwa upole zaidi. Sura ina aya 27. Semina huingia kwenye aya ya 21, penye sifa za watu wa kuwekwa juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi, na aya 20 za kwanza hutajwa kwa sentensi moja: Yethro alimshauri Musa asifanye kazi peke yake. Lakini aya 12 za mwanzo ni za ugeni mtupu. Mkwe anafika na binti yake na wajukuu wawili. Musa anatoka kumlaki, anainama, anambusu, wanajuliana hali, wanaingia hemani. Musa anamsimulia yaliyotokea Misri na njiani. Mzee anafurahi, anatoa sadaka, anakula chakula pamoja na Haruni na wazee wa Israeli. Siku hiyo hakosoi kitu. Ukosoaji unaanza kesho yake, baada ya mgeni kula, kulala, na kukaa kutwa nzima akitazama bila kusema.

Msomaji wa Unyiha au Unyamwanga hahitaji kuelezwa uzito wa mzee aliyemwoza mtu binti yake kufika nyumbani kwa mkwewe na kukuta mambo hayaendi. Mwandishi naye anaujua uzito huo, ndiyo maana anautandika mkeka kwanza. Neno zito linapata haki ya kusemwa kwa kutanguliwa na heshima, na linapata haki ya kusikilizwa kwa kutanguliwa na kutazama. Wakosoaji wetu wengi wangefaa kusoma aya hizo 12, na wakosolewaji pia.

Kisha angalia mikao ya watu. Aya ya 13 inasema Musa aliketi na watu walisimama, tangu asubuhi hata jioni. Yethro anapouliza, katika aya ya 14, anairudia tofauti hiyo: wewe umeketi, wao wamesimama. Musa anajibu kwa nafsi ya kwanza tu. Watu wanamjia yeye, wakiwa na neno wanaliletea kwake, yeye ndiye anayeamua, yeye ndiye anayewajulisha sheria. Ni jibu la mtu mwema aliyezoea. Yethro anamwambia jambo hilo si jema, kisha anataja wanaochoka: wewe, na watu hawa walio pamoja nawe. Nimesikia somo hili mara nyingi likifundishwa kama dawa ya mchungaji aliyechoka, asife kwa shinikizo la damu, agawe kazi. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili ni ya waliosimama juani, na mwandishi amewaweka kwenye sentensi kabla ya kumruhusu Musa afungue kinywa.

Jambo la kushangaza zaidi linatokea mbali na sura hiyo. Katika Kumbukumbu la Torati 1, aya ya 9 mpaka ya 18, Musa mzee anawasimulia watu jinsi waamuzi walivyowekwa, na Yethro hayumo. Musa anasema ni yeye aliyewaambia watu hawezi kuwachukua peke yake, akawataka walete watu wenye hekima, nao wakakubali. Mkwe kutoka Midiani, kuhani wa watu wengine, ametoweka kwenye kumbukumbu za taasisi aliyoibuni. Lakini toleo hilo la pili lina kitu ambacho la kwanza halina: watu wanaulizwa. Katika Kutoka, Musa anachagua mwenyewe. Katika Kumbukumbu, anawaambia watu walete majina, nao wanajibu kwamba neno hilo ni jema. Kila toleo limemtoa mtu na kumwingiza mwingine, na waliokusanya Torati waliyaacha yote mawili bila kuyapatanisha. Semina huchanganya yote mawili kwenye mstari mmoja wenye namba.

Na kuna Hesabu 11, ambayo sijawahi kuiona kwenye karatasi ya ukutani. Pale mzigo wa Musa unagawanywa tena, safari hii kwa wazee 70 walioitwa hemani. Wawili, Eldadi na Medadi, majina yao yamo kwenye orodha lakini kikaoni hawakufika. Roho inawashukia huko huko kambini, wanatabiri. Kijana anakimbia kupeleka taarifa, Yoshua anataka wakatazwe, Musa anakataa. Mwandishi angeweza kuacha idadi ikamilike vizuri, 70 kwa 70. Badala yake ameweka ufa ndani ya sura ile ile inayoweka mpango, na kiongozi mkuu ndiye anayeulinda ufa huo.

Wamoravian, ambao walianza kituo cha Mbozi mwaka 1899, wana hadithi yao ya kiongozi aliyechoka. Leonard Dober, mfinyanzi aliyekuwa miongoni mwa wawili wa kwanza kutumwa na ndugu wa Herrnhut kwenda visiwa vya Karibi mwaka 1732, alipewa baadaye wadhifa wa Mzee Mkuu wa kanisa lote. Ulimlemea, akaomba auache. Mkutano uliokaa London Septemba 1741 ulitafuta mrithi na haukumpata. Uamuzi wake ulikuwa kwamba wadhifa huo usiwe na mtu tena: Kristo ndiye Mzee Mkuu. Habari hiyo ilitangazwa kwenye makanisa yao tarehe 13 Novemba mwaka huo, na kalenda yao bado inaikumbuka siku hiyo. Ukiisoma kama umbo, ni ajenda iliyojibiwa kwa kuacha kiti wazi. Inaendana na jambo linalowachanganya majirani zao Walutheri na Wakatoliki hata leo, kwamba askofu wa Kimoravian hapati madaraka ya utawala kwa sababu tu ya uaskofu wake. Jimbo linaongozwa na mwenyekiti na halmashauri yake chini ya sinodi, naye askofu ni mchungaji wa wachungaji, mweka mikono. Kwamba viti hivyo vya sinodi navyo vimegombaniwa kwa nguvu katika majimbo ya kusini mwa Tanzania ni habari inayojulikana, na haiondoi ubora wa wazo. Inaonyesha tu kwamba kiti kimoja kikiachwa wazi, mgongano unahamia kwenye viti vinavyofuata.

Mbozi ilipata pia Yethro wake, ingawa kwa mgeuko. Traugott Bachmann, aliyekianzisha kituo hicho na kukaa Unyiha mpaka Vita Kuu ya Kwanza, hakuja kukosoa utaratibu mbovu wa wenyeji wake akaondoka; alikuja na utaratibu, akakosolewa, akabaki. Alifika nchi hii na ukali wa kawaida wa wamisionari wa wakati wake juu ya ngoma na mila. Miaka ya Mbozi ilimgeuza. Alikuja kukataa kuwalazimisha wanaume waachane na wake zao ndipo wabatizwe, na mambo ya mila akayaacha zaidi na zaidi mikononi mwa wazee Wakristo wa Kinyiha, kwa kuwa wao ndio walioyajua. Kitabu cha kumbukumbu zake kinaitwa Ich gab manchen Anstoß, yaani niliwakwaza wengi. Si rahisi kumpata mwanzilishi wa kituo ambaye kumbukumbu zake zinatanguliza kwazo jaladani, kabla ya idadi ya waliobatizwa.

Sasa Matendo 6. Aya ya kwanza imefunga mambo mawili kwa pumzi moja: wanafunzi wanaongezeka, na manung'uniko yanatokea. Luka hayatenganishi. Wayahudi wa Kiyunani wananung'unikia Waebrania kwa sababu wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Kauli ya kutendwa hapa inafanya kazi ya kidiplomasia: wajane wanasahauliwa, na aliyewasahau hatajwi. Lakini msomaji aliyetoka sura ya nne anajua fedha ziko wapi. Katika 4:35 watu waliuza mashamba na kuweka thamani yake miguuni pa mitume, kila mtu akagawiwa kwa kadiri ya haja yake. Kwa hiyo mgao ulianzia miguuni pa Thenashara. Luka hajasema, na pia hajaficha.

Jibu la Thenashara linaanza na utetezi kidogo: haifai wao kuacha neno la Mungu wahudumie mezani. Ukilisoma peke yake lina harufu ya wakubwa waliokwazwa na suala la chakula. Ila tazama wasichokifanya. Hawasemi lalamiko ni la uongo. Hawaulizi nani alianza kusema. Hawamwiti mtu mchochezi, neno ambalo katika vikao vyetu hutoka haraka kuliko amina. Hawaundi kamati ya uchunguzi. Wanaita mkutano wa wanafunzi wote, wanataja idadi na vigezo, na wanawaachia wao kuchagua. Mkutano unachagua, unawaleta waliochaguliwa mbele ya mitume, mitume wanaomba na kuweka mikono. Vigezo vinatoka juu na majina yanatoka chini. Anayetaka kujua mamlaka yako wapi katika aya hizo sita atahangaika, kwa sababu kila kitenzi kimepewa mwenyewe na hakuna mwenye vyote.

Kisha yanakuja majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Watano kati ya hawa hatutawasikia tena katika kitabu cha Luka. Anayaandika kwa sababu majina yenyewe ni hoja. Yote saba ni ya Kiyunani, na wa mwisho anatajwa kuwa mwongofu wa Antiokia, maana yake hakuzaliwa Myahudi. Waliolalamika ndio waliokabidhiwa mfuko. Labda baadhi ya Waebrania nao walikuwa na majina ya Kiyunani, kama Filipo yule mtume, kwa hiyo sidai zaidi ya ninachokiona. Lakini saba kwa saba si bahati. Fikiria ushirika ambao akina mama wa mtaa wa pembeni wamelalamika kwamba msaada hauwafikii, na mkutano unajibu kwa kuwachagua watu wa mtaa huo wawe wahazini wa msaada, wote, bila kuweka hata mmoja wa kati kwa ajili ya uangalizi.

Semina ikifika hapa hugawa kazi: mitume neno na maombi, mashemasi meza. Safu mbili kwenye karatasi. Luka anazivunja safu hizo kabla wino haujakauka. Mpango umekamilika aya ya 6. Kufika aya ya 8 Stefano, aliyechaguliwa kwa ajili ya meza, anafanya ishara na kubishana kwenye masinagogi, na sura ya saba karibu yote ni hotuba yake, ndefu kuliko hotuba nyingine yoyote katika Matendo, ya Petro wala ya Paulo. Sura ya nane ni ya Filipo, mtu wa meza wa pili, anayehubiri Samaria na kumbatiza mtu mkubwa wa Kushi barabarani. Hatuoni hata mmoja wao akigawa mkate. Mwandishi aliyeeleza mgawanyo wa kazi kwa uangalifu huo hakusahau alichoandika juu kidogo. Ameweka utaratibu na matokeo yake ubavu kwa ubavu, na matokeo hayakutii safu. Thenashara hawatumi mtu kuwauliza kwa nini wanahubiri. Katika 8:14 Petro na Yohana wanatumwa Samaria, na wakifika wanawaombea waamini wapya.

Nina malalamiko yangu kwa Luka pia. Wajane hawasemi. Wanasemewa na wanaume wa upande wao, wanajibiwa na wanaume wa upande wa pili, wanachaguliwa wanaume saba, na hatuambiwi kama kesho yake walikula. Wajane wengine wanatokea katika 9:39, mjini Yafa, wakimwonyesha Petro huku wakilia kanzu na nguo ambazo Tabitha aliwashonea alipokuwa hai. Hapo hakuna saba, hakuna kuwekewa mikono, hakuna vigezo. Kuna mwanamke aliyeshona, na wajane wanaoshika ushahidi mikononi. Hata hapo maneno yao hayakuandikwa, ila nguo zimeonekana.

Ukanda huu wa kati ya ziwa Nyasa na Tanganyika umebahatika kuwa na mjane aliyesikika. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian aliyefanya kazi Utengule, aliandika simulizi za maisha za watu waliopita katika miaka ya utumwa na vita kabla ya Wajerumani kushika nchi. Mwanahistoria Marcia Wright alizirudisha kwa wasomaji katika kitabu chake cha mwaka 1993, Strategies of Slaves and Women. Mmoja wao ni Narwimba. Mumewe alipokufa, hakungoja asemewe. Alimwendea mwenyewe mrithi wa mumewe akamwomba amchukue, apate mlinzi kwake na kwa wanawe. Simulizi hiyo imepitia kalamu ya mmisionari, na msomaji anapaswa kulikumbuka hilo kila aya. Hata hivyo ukiisoma kando ya Matendo 6 unaona pengo la Luka lina ukubwa gani. Katika kumbukumbu ya Utengule mjane ni mtendaji wa kitenzi. Katika sura ya sita ya Matendo ni mtendwa.

Kuhusu 1 Wakorintho 14, nitasema kidogo kuliko inavyostahili, kwa kuwa jambo langu hapo ni moja. Sentensi ya 14:40 inafunga mjadala ulioanza mbali, na kuanzia aya ya 26 Paulo anapanga zamu. Anaanza kwa kudhani kwamba kila mtu amekuja na kitu: huyu zaburi, yule fundisho, mwingine ufunuo. Halafu anawanyamazisha watu mara tatu. Anyamaze msema kwa lugha kama hakuna wa kufasiri, aya ya 28. Anyamaze nabii anayesema kama aliyeketi amefunuliwa neno, aya ya 30. Wanyamaze wanawake, aya ya 34. Ukihudhuria semina nyingi utajua unyamavu wa tatu peke yake. Wa pili ndio unaonisumbua kwa uzuri, kwa sababu anayeambiwa akae ni yule aliyeshika zamu, na anayepewa nafasi ni aliyekuwa ameketi. Mwenye kipaza sauti anakipisha. Sijaona unyamavu huo ukipewa namba kwenye karatasi yoyote.

Kuhusu huo wa tatu, msomaji wa umbo ana haki ya kugundua kwamba katika baadhi ya hati za kale aya ya 34 na 35 hazikai mahali pake, zimewekwa mwisho baada ya aya ya 40, na kwamba sura ya 11 ya barua hiyo hiyo inawachukulia wanawake wanaosali na kutabiri kanisani kuwa jambo la kawaida na kujadili tu vichwa vyao. Wataalamu wanabishana. Wachungaji wanaojua ubishi huo wapo, na wengi wao huufunga pamoja na vitabu vyao vya chuoni. Jingine: katika barua yote Paulo hamtaji askofu wala mzee wa Korintho. Anawaandikia watu wote, kana kwamba zamu ni kazi ya wanaoketi kwenye mabenchi.

Mpakani hapa neno utaratibu limewahi kuwa na mwenyewe mwingine. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ng'ambo ya Tunduma, wahubiri wa Watchtower, Hanoc Sindano akiwa miongoni mwao, walivipitia vijiji vya Wanyamwanga na Wamambwe, ambavyo vita ilikuwa imevinyang'anya vijana kwa upagazi na kuvuruga kazi ya misheni. Watu walizamishwa majini, walikesha wakiomba na kusema kwa lugha, wakakataa amri za machifu na za boma. Mwaka 1919 watawala wa Kiingereza waliwakamata wengi. Karen Fields, katika Revival and Rebellion in Colonial Central Africa, ameeleza jinsi mkesha wa kiroho ulivyoweza kuwatikisa watu wa boma. Boma lilisoma kelele kama uasi. Paulo, akiwa na Korintho yenye kelele kama hizo, aliandika juu ya mfasiri na zamu, hakuna mahali alipoagiza mtu atolewe nje kwa kusema kwa lugha.

Imebaki barua ya kwanza kwa Timotheo, ambayo ndiyo mama wa orodha zote za ukutani. Sura ya tatu kweli ni orodha, na orodha za namna hiyo zilikuwa na soko lake. Onasander, Myunani wa karne ya kwanza aliyeandika kitabu cha kazi ya jemadari, ana orodha ya sifa za jemadari inayofanana nayo kwa kushangaza: mwenye kiasi, asiyependa fedha, mwenye kusema vizuri. Kwa hiyo sifa za askofu hazikushuka zikiwa mpya. Zimevaa sare iliyokuwa ikivaliwa mjini. Zaidi ya hapo ni za kawaida kabisa. Karibu zote zinahusu ulevi, ugomvi, fedha, nyumba na wageni. Kipaji ni kimoja tu, kufundisha. Hakuna maono, hakuna upako, hakuna kuombea wagonjwa. Wanaojiita mitume na manabii kwenye mabango ya barabara kuu ya Tunduma wangepata shida kuijaza fomu hiyo.

Hesabu aya. Askofu amepewa aya saba, 3:1 mpaka 3:7. Wajane wamepewa 14, tangu 5:3 mpaka 5:16: nani aandikwe kwenye daftari lao, awe na umri gani, amewahi kufanya nini, nani ana ndugu wa kumtunza, nani hana. Mwandishi wa barua hiyo, awe Paulo au mwanafunzi aliyeandika kwa jina lake, hana huruma na wajane vijana, na lugha yake juu yao inaudhi. Bado mizani yake ni hiyo. Katika waraka ambao kanisa linauchukulia kuwa katiba ya uongozi, swali la nani anakula limepewa nafasi mara mbili ya swali la nani anaongoza. Baada ya wajane wanakuja wazee wa kanisa, na hapo barua inaeleza jinsi ya kupokea mashtaka dhidi ya mzee: yasipokewe bila mashahidi wawili au watatu, na waliokosa wakemewe mbele ya watu wote, bila upendeleo. Semina nyingi husoma aya ya 19, ile ya mashahidi. Aya ya 20 inafuata kwenye ukurasa ule ule, na mwalimu anageuza karatasi kuelekea hitimisho.